Yuko Ndani, Atatoka Mfungo Sita

Ukitaka kumjua Tausi binti Mwinyijuma, mpe karatasi umwambie atie saini. Usimweleze ni ya nini, mwambie tu, "Weka hapa mama, ni utaratibu." Halafu kaa uone. Atavaa miwani yake, ile ambayo mkono wake mmoja umefungwa uzi, atasoma kuanzia mstari wa kwanza, atageuza nyuma kuhakikisha hakuna kilichojificha, atakuuliza neno hili maana yake nini na lile limefuata nini hapo, na wewe uliyekuja mbiombio utatamani ungekunywa chai kwanza kwenu. Kijijini kwake Moa wanamjua hivyo. Mjini Tanga wanamjua hivyo. Waliokuwa hawajamjua ni benki, na wao walikuja kumjua.

Huyu Tausi ni mkurugenzi wa kampuni. Unacheka? Cheka tu, wengi wamecheka, na baadhi yao leo wananunua kwake. Kampuni inauza usumba, zile nyuzi zinazotoka kwenye makumbi ya nazi. Wanawake wa Moa huyafukia makumbi kwenye matope ya ufukweni, kila mmoja na shimo lake, wakayaacha humo miezi na miezi yalainike, kisha wakaja kuyafukua yananuka mpaka mbwa anabadili njia. Hapo ndipo kazi inapoanza. Unalaza kumbi juu ya jiwe, unashika rungu, unaponda, unaponda tena, mpaka ubaki uzi mtupu wa kusokotea kamba na kufumia mazulia ya mlangoni. Ni kazi ya bega. Tausi na shoga yake Khadija walianza wawili tu, wakawa kikundi, na kikundi kikawa kampuni yenye cheti, mhuri, na chumba kimoja cha ofisi mjini Tanga, kule Raskazone, uani mwa nyumba ya zamani ya Wajerumani yenye dari ya juu na popo wasiolipa kodi.

Wakurugenzi ni wao wawili. Katibu wao ni Anastazia, mtoto wa wakata mkonge. Wazazi wake walitoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya Muheza, wakabaki huko huko. Anastazia ni Mkatoliki wa kutokosa misa, lakini ameishi na Waswahili mpaka akisema nawe gizani utaapa kazaliwa Moa. Jambo hilo analionea fahari kweli. Neno la pwani akilisikia halimpiti. Na mihtasari ya vikao alikuwa akiandika vile vile watu walivyosema, hapunguzi, haongezi, hapaki rangi. Tausi alimpendea hilo.

Sasa Khadija bega likamwisha. Si maumivu ya kupaka dawa ya mafuta na kulala. Mkono ulikuwa haupandi. Akitaka kujifunga mtandio anamwita mjukuu. Wanawake wengine nao walianza kulalamika, mmoja kiwiko, mmoja shingo. Ikasemwa ipo mashine ya kuponda makumbi, na benki ikasema inaweza kuwakopesha fedha za kuinunulia. Lakini kwanza, benki ikasema, leteni nyaraka za kampuni tuzikague. Zote. Toka siku mliyozaliwa.

Wakamwajiri mshauri kutoka Dar es Salaam, kijana mmoja anaitwa Wilfred, ambaye kazi yake ni hiyo tu, kupanga nyaraka za kampuni za watu kabla benki haijazitia mkononi. Mpole, msafi, viatu vimechongoka mbele. Siku ya kwanza aliingia ofisini na mafaili yake mapya yenye vibandiko vya rangi, akasema, "Shikamoo mama, naomba mnipe kila karatasi mliyonayo." Masikini wa Mungu. Hakujua anaomba nini.

Karatasi zilitoka kila mahali. Cheti cha usajili kilikuwa kabatini kwa Khadija, kimekunjwa katikati ya doti ya kanga mpya ili kisikunjamane. Leseni ya biashara ilibidi ichomolewe kwenye fremu ukutani, na nyuma yake ikakutwa picha ya harusi ya mtu asiyejulikana. Katiba ya kampuni ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti za kodi, na mfuko ulikuwa umekaa ghalani Moa juu ya usumba, kwa hiyo Wilfred alipoufungua alisimama akaenda mlangoni kuvuta hewa. "Hiyo ndiyo harufu ya kampuni," Tausi akamwambia. "Ukiisikia ujue nyaraka ni halali." Hati ya kiwanja cha Moa ilitoka kifuani mwa Tausi mwenyewe, imefungwa kitambaa, na alisimama juu ya kichwa cha kijana mpaka alipomaliza kuinakili, akairudisha ilikotoka.

Mihtasari ya vikao ndiyo haikuwa na taabu. Anastazia alikuwa nayo yote, imetobolewa, imepangwa kwa miaka. Wilfred alifurahi mpaka akampa mkono. Akaipeleka benki kwa barua pepe pamoja na mengine, akarudi zake Dar.

Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa mtu mwingine. Salamu alitoa, lakini alikaa upande wa mlango. Tausi akisogea kuangalia kompyuta, yeye anaivuta kidogo. Alipokwenda kunywa maji alichukua simu yake, akachukua na pochi yake, na alipofika mtungini akageuka kutazama begi. Tausi aliona yote hayo, akadhani kijana ana tumbo.

Mwishoni Wilfred akakohoa, akafunga kompyuta.

"Mama, kuna jambo lako la nyuma, naomba tulizungumze kwa utulivu. Mimi simhukumu mtu."

"Jambo gani, baba?"

"Kule... ulikokuwa. Ndani."

"Ahaa, kule ndani!" Tausi akatulia. "Sema basi, mbona unazunguka? Kila mtu anajua nilikuwa ndani."

Wilfred alishusha pumzi. "Nashukuru umekuwa muwazi. Ulikaa sana?"

"Miezi minne na siku kumi, kama wenzangu wote."

"Na hukupinga?"

"Nipinge nini? Sheria ni sheria. Unaingia, unatulia, siku zikiisha unatoka."

"Walikutunza vizuri?"

"Sana! Chakula cha moto kila siku, watu wanaleta kwa zamu. Nilinenepa mpaka nikaona haya."

Wilfred akaandika, akafuta, akaandika tena. "Samahani mama, sasa na hili lazima niulize. Kilichokuingiza ni nini?"

"Mume wangu."

"Mumeo... alikushtaki?"

"Anishtaki vipi naye amekufa?"

Kalamu ikamponyoka kijana. Alimwangalia Tausi mikono, mikono ile mipana iliyokomaa kwa rungu, akasogeza kiti nyuma. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ulimfanya nini?"

Hapo Anastazia, aliyekuwa mezani kwake akipiga mihuri, alipiga ukelele mmoja. "Mama wee! Kaka Wilfred! Eda! Alikuwa eda!"

Ikabidi mtoto wa watu aelezwe taratibu. Kwamba mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani ya nyumba yake miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wa kando. Kwamba pwani hii ukiuliza habari za mjane unaambiwa yuko ndani, na kila mtu anaelewa. Wilfred akashika kichwa. Akafungua kompyuta akawasomea barua ya benki, na nawaambia kweli, hata popo waliokuwa darini walishtuka kwa kicheko.

Kumbe mwanasheria wa benki alisoma muhtasari wa kikao cha mwaka ule Masoud mume wa Tausi alipofariki. Anastazia alikuwa ameandika hivi: Bi Tausi hakuhudhuria, yuko ndani. Kikao kimempa pole. Wajumbe watampelekea chakula kwa zamu. Haruhusiwi kuonana na wageni wa kiume. Muhtasari huu utapelekwa huko huko ndani akautie saini. Anatarajiwa kutoka Mfungo Sita.

Hilo la mwisho ndilo lililoua. Mfungo Sita ni mwezi, jamani! Ni mwezi wa Maulidi. Mfungo Mosi ndio wa Idi, unahesabu kwenda mbele, mtoto wa chuoni, wa madrasa, anakutajia huku anakula embe. Lakini benki iliandika: "Tafadhali thibitisheni kosa alilotiwa hatiani mkurugenzi huyu, na maelezo ya vifungo vyote sita."

"Vifungo sita!" Tausi alilia kwa kucheka, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Khadija akisikia atajikojolea. Mimi, vifungo sita! Niliiba nini, bandari?"

Laiti ingeishia hapo. Lakini Wilfred hakucheka hadi mwisho. Alirudisha kalamu mfukoni, akasema amefurahi kuelewa, na pole kwa msiba, ila swali limeshaingia kwenye faili la benki, na kamati ya mikopo inakaa Ijumaa, na watu wa kamati hawana muda wa kufundishwa eda. Kuna njia za haraka. Mama aende polisi achukuliwe alama za vidole, aombe cheti kwamba hana rekodi ya uhalifu. Au dada Anastazia aupige upya ule muhtasari, tarehe ile ile ya zamani, aandike tu kwamba mjumbe alitoa udhuru. Au, na hii ndiyo nyepesi kuliko zote, mama ajiondoe ukurugenzi kwa muda, mtoto wa Bi Khadija akalie kiti kwa vile sheria inataka wawili, mkopo ukitoka mama anarudi.

"Nimeshakurahisishia," akasema, akatoa karatasi kwenye faili. "Barua ya kujiuzulu hii hapa. Weka hapa mama, ni utaratibu."

Ebo! Kijana wa watu, angejua.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini Tausi alibadilika rangi. Masoud alipozikwa, mwisho wa Mfungo Mosi, hazikupita hata wiki mbili, shemeji yake Tausi, mdogo wa marehemu, jina lake Sabiri, akaleta karatasi. Mwenyewe hakuruhusiwa kuingia, akaipitisha chini ya pazia. "Shemeji, tia saini tu, ni mambo ya gharama za maziko." Tausi alikuwa hajala siku ile, macho yamevimba, kalamu aliishika. Kisha akasogea dirishani kwenye mwanga akasoma. Karatasi ilikuwa inasema anauachia ukoo wa marehemu kiwanja cha Moa. Kiwanja alichonunua yeye na Masoud kwa fedha za kamba, ndicho wanachoanikia usumba mpaka leo! Hakupiga kelele, angepigaje na yuko eda. Aliipasua vipande vinne, akavifungia maandazi, akamtuma mtoto ampelekee shemeji yake kifungua kinywa. Tangu siku ile akajiapia kwamba hakuna mtu atakayemtoa mahali kwa sababu tu alikuwa ndani.

Sasa amekaa Raskazone, mtu na viatu vyake vilivyochongoka anamsogezea karatasi ya kumtoa, kwa sababu hiyo hiyo.

Alivaa miwani. Akaisoma yote. Akageuza nyuma. Kisha akaiweka mezani, akailaza vizuri kabisa, akasema, "Wilfred mwanangu, hii hapana."

"Mama, ni wiki mbili tatu tu."

"Hata dakika. Nikijiuzulu nimekubali nilifungwa. Na muhtasari hapigi mtu upya. Anastazia aliandika kweli, kweli haiandikwi mara ya pili kwa tarehe ya uongo."

"Basi polisi. Ni vidole tu."

"Vidole tu?" Sasa sauti ilipanda. "Nikaweke vidole kwenye wino, nipigwe picha, niombe serikali iniandikie kwamba sikuwa jela siku nilizokuwa namlilia mume wangu? Naona unanitania. Nenda kawaambie hao waliokutuma: siendi, sijiuzulu, na neno halibadiliki. Kama hawaelewi waje waulize."

Wilfred akamwangalia Anastazia amsaidie. Anastazia alikuwa analia. "Bi Tausi, nisamehe," akasema. "Ningeandika eda tu, yote haya yasingekuwepo. Nilitaka iwe ya kipwani."

"Ulitaka, na ikawa," Tausi akamjibu. "Futa machozi. Kosa si lako, na hata kama lingekuwa, sikulaumu."

Aliyemuumiza hakuwa Wilfred wala benki. Alikuwa Khadija. Jioni walikaa ugani Moa, Khadija akajaribu kujimiminia uji, birika likamshinda, ukamwagika. Akasema bila kumtazama mwenzake, "Tausi, tia saini bwana. Ni karatasi. Mimi na wewe tunajua ukweli."

"Tunajua sisi. Wao je?"

"Wao wananihusu nini? Mimi nalihurumia bega langu. Wewe unalo lako bado, unaweza kuwa na kiburi. Mimi siwezi kuchana nywele zangu."

Tausi aliutazama uji uliomwagika. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akimletea chakula ndani kila zamu yake na zamu ya mtu aliyeshindwa. Roho ilimuuma kwelikweli, akachukua birika, akammiminia, akafuta mkeka. Alitamani kusema basi, lete hiyo barua. Lakini alikuwa anajua kwamba akitoka kwenye orodha ya wakurugenzi kwa jina la mfungwa, hata wakimrudisha kesho, atarudi akiwa mfungwa aliyesamehewa. Usiku ule kila mmoja alikwenda kwake bila kuagana vizuri, na hilo halijawahi kutokea kati yao.

Alhamisi mwanasheria wa benki akaja mwenyewe. Ni utaratibu wao kuja kuona ofisi kabla kamati haijakaa, na mwenye zamu alikuwa huyo huyo aliyeandika swali. Alishuka kwenye bajaji, mwanamke wa makamo kidogo, anaitwa Praxeda, mtoto wa wakulima wa Lushoto, ana koti ingawa jua lilikuwa linachoma. Wilfred alimpokea kwa kuinama mara tatu. Khadija alikuwepo, amekaa kwenye benchi karibu na ukuta. Mezani mafaili yamepangwa, rangi kwa rangi, na juu kabisa orodha ya wakurugenzi aliyoichapa Wilfred. Tausi akaichukua kabla ya kukaa. Ilikuwa na jina la Khadija na la mwanawe. Lake hakuna.

"Wewe ndiye uliyeandika vifungo sita?" akamwuliza mgeni.

"Ni mimi, mama."

"Hujaniamkia."

Praxeda akashtuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaa sasa tuongee. Na mimi nitakaa, maana bado ni mkurugenzi hapa, karatasi hii iseme isemavyo."

Akamweleza. Hakumweleza kwa kubembeleza. Alimwambia eda ni nini, Mfungo Sita ni nini, na chakula cha zamu ni nini. Praxeda alisikiliza yote, na lazima tumpe haki yake, hakujifanya. "Mama, mimi nimekulia milimani," akasema. "Kwetu mtu akiwa ndani, yuko ndani. Nikisoma hivyo nisiulize, kazi sijafanya."

"Kuuliza si kosa. Kosa hukuniuliza mimi. Uliuliza huyu, naye akaniletea barua nijiuzulu."

"Barua gani?" Praxeda akamgeukia Wilfred. "Mimi sikuomba mtu ajiuzulu." Wilfred akaanza kunyoosha vibandiko vya mafaili vilivyokuwa vimenyooka tangu asubuhi.

"Hata hivyo," Praxeda akaendelea, "swali limo kwenye faili, na nahitaji karatasi ya kulifunga. Maneno ya mdomo siwezi kuyaambatanisha. Cheti cha polisi kingemaliza kila kitu, mama. Nawe huna la kuficha."

"Kwa sababu sina la kuficha ndiyo maana sileti. Sikiliza mwanangu. Mimi nikileta, mwakani mjane mwingine akija kwenu na kikundi chake mtamwambia, Bi Tausi alileta, wewe ni nani usilete? Mtaufanya utaratibu. Kila mwanamke wa pwani hii aliyefiwa atakuwa na kesi ya kujibu. Siwafungulii mlango huo."

"Basi kesho sitaweza kulipeleka faili kwenye kamati."

"Usilipeleke."

Wilfred alifumba macho. Tausi alijua nani yuko kwenye benchi nyuma yake, na hakuthubutu kugeuka.

Praxeda ndiye aliyegeuka. "Na wewe mama, mkurugenzi mwenzake? Unasemaje?"

Khadija alisimama kwa shida, mkono mmoja umeshika bega. "Mimi nilimwambia atie saini," akasema. "Namwambia kila siku. Bega langu limekufa, naitaka mashine hiyo kuliko pumzi. Lakini nimekaa hapa nakusikiliza wewe na cheti chako, nikajiuliza, aliyekuwa anapeleka chakula kule ndani si mimi? Nilikuwa nani basi, bibi jela?" Akaichukua ile orodha ya Wilfred, akalisoma jina lake, akaikunja kwa mkono mmoja. "Kama huyu hafai, na mimi sifai. Na mwanangu hatakalia kiti alichofukuzwa mama yake mkubwa. Tunatoka wote. Halafu benki ikae hapa Raskazone itafute wa kumkopesha. Wapo popo."

Anastazia alicheka kwanza, akaziba mdomo. Kisha Praxeda naye akashindwa, akacheka mpaka akavua lile koti. Tausi hakucheka. Alikuwa anamwangalia Khadija, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyajali.

"Nani aliandika muhtasari huu?" Praxeda akauliza alipopata pumzi.

Anastazia akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi.

"Unaweza kuapa mbele ya wakili maneno haya yana maana gani? Si kwamba Bi Tausi hakufungwa. Hilo sihitaji tena mtu aape. Uape tu maana ya maneno uliyoyaandika wewe."

"Naapa hata sasa hivi," Anastazia akasema. "Kwa Biblia. Na Mfungo Sita nitauandika na miezi yote inayoutangulia, wasije wakauliza tena."

Haikuchukua muda. Alikwenda mjini kwa bodaboda, akarudi na kiapo kina mhuri wa wakili, na Praxeda akakiambatanisha nyuma ya muhtasari ule ule, haujaguswa hata nukta. Orodha ya wakurugenzi ikachapwa upya. Wilfred aliichapa mwenyewe, akaweka jina la Tausi juu, akamletea aione bila kuambiwa. "Nisamehe mama," akasema. "Nilitaka liende haraka." Tausi akamwambia limekwenda, sasa amwitie mtu wa chai.

Kilichobaki kilikuwa kikao cha wakurugenzi kukubali mkopo, kifanyike hapo hapo, muhtasari uende na faili. Anastazia akaanza kuandika mahudhurio. Aliandika Bi Khadija, amehudhuria. Alipofika kwa Tausi kalamu ikasita. Akainua macho. Sasa alikuwa anaogopa kila neno.

"Bi Tausi, kwako niandikeje?"

"Andika yuko nje."

"Mama, nakuomba!" Praxeda akadakia. "Ukiandika yuko nje, kesho kamati wataniuliza yuko nchi gani."

Walicheka wote, safari hii na Tausi. Kisha akanyoosha mkono, akamwambia Anastazia ampe karatasi hiyo. Akavaa miwani. Akasoma kuanzia mstari wa kwanza, jina la kampuni, mahali, tarehe, ajenda, akageuza nyuma, hakukuwa na kitu. Chai ya Wilfred ilipoa. Praxeda alitazama saa, akaacha kuitazama.

Alipomaliza hakuirudisha kwa katibu. Mbele ya jina lake, Tausi binti Mwinyijuma, kwa mwandiko wake mkubwa aliofundishwa chuoni, akaandika mwenyewe: Nipo. Ndipo akatia saini.